Kuiuliza Kompyuta Saa

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Beni, chef de service, mkuu wangu wa kazi, alinipa amri moja ya kuandika kwenye programu: ile inayoleta tarehe na saa ya sasa. Niliiandika haraka, skrini ikajibu, nikajiona fundi. Yeye hakupendezwa.

"Programe haijue saa," alisema. "Inauliza mashine, na mashine inasema tu ile baliiambia. Donc, uliza kwanza mashine iko fasi gani."

Nilidhani huko kuuliza mahali ilipo mashine ni ukubwa tu unamsumbua.

Baadaye nilihamishiwa Butembo, kwenye hospitali inayopokea wagonjwa wa mbali. Programu yao ilikuwa imetoka Kinshasa, na seva, yaani kompyuta kuu, ilifuata saa ya huko, iliyo nyuma ya yetu kwa saa moja. Kwa kuwa ilihesabu kila kitu kwa saa hiyohiyo, hakuna aliyesumbuka.

Ndipo akaletwa Kavira, mjamzito kutoka Kyavinyonge, malaria imempanda kichwani. Kituo cha kule kilikuwa kimempiga sindano ya kwanza na kuiingiza kwenye programu kwa simu. Lakini kule, kando ya ziwa mpakani, simu hudaka mtandao wa Uganda na kufuata saa ya huko, iliyo mbele ya yetu kwa saa moja. Programu ikaiamini simu, ikaiamini na seva.

Nilikuwa wodini nikitengeneza printa, mama mkwe wa Kavira alipoomba sindano ya pili.

"Mashine inasema bado kidogo, mama," muuguzi akamjibu.

"Bado nini? Ile ya kwanza balimupiga asubui sana!"

Sauti yake ilinishtua. Nilipigia simu kituo cha Kyavinyonge.

"Tulimupiga mbele kengele ya misa ilie," wakasema.

Tulipohesabu upya tangu kabla ya misa ya asubuhi, simu ikiwa saa moja mbele na seva saa moja nyuma, sindano ilikuwa imechelewa karibu saa mbili. Daktari aliipiga palepale.

Nyinyi mnaoanza leo kazi hii ya programu, marekebisho yenyewe yalikuwa mafupi: kila tukio liandikwe kwa saa ileile ya dunia nzima, kisha msomaji aonyeshwe saa ya mahali alipo. Nilimaliza kabla ya chakula cha mchana.

Kavira alipona. Mimba ilitoka. Mume wake alinifuata ofisini, akavua kofia, akaniuliza kama ni yale masaa mawili yaliyomuua mtoto wao. Nilimwambia sijui. Nimestaafu sasa, tunakutana sokoni, tunasalimiana vizuri, na bado sijui.