Lehemu Kwenye Mkono wa Mama

Baba alikuwa sonara mtaani Langoni, mtu mpole, ila kitu kimoja kilimtoa akili: fedha iliyotiwa madini ya risasi. Mteja akimletea kidani kilichoungwa kwa lehemu laini, ile ya risasi ya kuzibia birika na kuungia nyaya za redio, atakiona cha mtema kuni. Fedha hiyo ukija kuipiga moto mkali, alisema, risasi huila, ikabaki mashimo matupu. Mtaa mzima ulizijua kelele hizo.

Na ni yeye aliyeifunga bangili ya Mama kwa lehemu hiyo hiyo. Ilikuwa bangili ya fedha ya harusi yao, yenye bawaba. Komeo lake lilikatika, naye Mama hakutaka kukaa hata siku moja bila kuivaa. Lehemu ya fedha yataka moto wa gesi. Nani atauelekeza kwenye mkono wa mkewe? Basi Baba akapitisha kitambaa kilichorowa chini ya bangili, akagusa kwa chuma cha umeme cha kulehemia, huku akipuliza. Tangu hapo haikuvuka kiganja. Masonara wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Baba alipofariki, Mama akaingia eda, na mapambo yote ikabidi yavuliwe. Shangazi yangu, ambaye hata huruma yake ina haraka, akaja na koleo aikate bangili. Mama akauficha mkono ndani ya leso.

"Musiikate," alisema. "Ifunguliwe pale alipoifunga mwenyewe. Nikitoka eda nitaivaa tena."

Fundi mwanamume wa nje haingii kwa mwenye eda. Nikabaki mimi, bintiye, niliyejifunza lehemu kwa kukaa dukani kwa Baba kila nitokapo chuoni.

Nikaweka kitambaa, nikagusa. Wapi! Lehemu ikishakaa miaka hushika ukaidi, haiyeyuki mpaka uitie mpya kidogo. Nikaitia. Ikang'aa, ikalegea, nikaivuta bangili, ikafunguka. Lakini joto likamfikia Mama.

"Puliza," alisema. "Babako alikuwa kipuliza."

Nikapuliza. Hapo ndipo alipolia, mara ya kwanza tangu maziko. Nami nililia, na chuma bado ki mkononi. Shangazi akatoka na koleo lake.

Muda wote wa eda chakula kiliingia chumbani na kurudi vile vile. Tukimsihi, alisema atakula baadaye. Niliona uso wake ukisinyaa, nikajiambia ni huzuni, itapita. Kazi yangu ilikuwa kuisugua ile bangili kila Ijumaa ili aikute inameta.

Siku ya kutoka alioga, akavaa nguo mpya, akaketi mbele yangu na kunyoosha mkono.

"Ndoo hapa karibu, mwanangu. Ifunge."

Nilifurahi, sikufichi. Niliona kama ananirudia. Nikaisafisha bangili, nikamvisha, nikaweka kitambaa, nikalehemu taratibu nikipuliza bila kuambiwa. Kiungo kilitoka safi, hata Baba angekosa la kunung'unikia. Mama akakipapasa kwa kidole, akatabasamu.

Kisha akashusha mkono ili ainuke. Bangili ikapita kiganjani bila kukwama popote, ikaanguka sakafuni, imefungwa vile vile.