Mdoli wa Mama Sukuma Afika Forodhani

Sauti ya Mama Sukuma haikuhitaji kipaza sauti. Enzi zake za ukunga hospitalini, akiamrisha "Sukuma!" chumbani, waume waliosubiri nje walijikuta wakisukuma nao, na jina likamganda. Alipostaafu hakukubali kukaa kitako. Sebuleni kwake akaanza kuwafundisha wakunga wachanga, kwa mto uliotobolewa pamoja na mtoto wa matambara. Lakini matambara hayamshtui mtu; ukimvuta mtoto vibaya, anapinda tu. Basi Mama akauza friji yake, akaagiza ng'ambo mdoli hasa wa kufundishia: tumbo na nyonga, mtoto wa mpira, kamba ya kitovu chake, na kondo la nyuma.

Kondo ndilo lililokuwa wimbo wake. "Mtoto akishalia, watu wote hucheka na kusahau," aliwaambia wanafunzi mpaka wakachoka. "Uzazi haujaisha mpaka kondo litoke!"

Siku alipopigiwa simu kwamba mzigo umefika, alitoka mbio, kanga kaivaa nje ndani. Forodhani, afisa kijana mwenye miwani alifungua sanduku, akamtazama yule mtoto wa mpira, akatabasamu.

"Vitu vya kuchezea," akasema, na kumwonyesha ushuru wake kwenye kompyuta.

Roho ikampaa Mama. Ushuru wa vifaa vya mafunzo alikuwa nao mkobani. Huu wa vitu vya kuchezea, mkubwa zaidi, hakuwa nao, wala hakuwa na friji nyingine ya kuuza, na mzigo ukilala ghalani, ghala nalo lingemtoza kila uchao.

"Kuchezea? Nani acheze na hiki, mwanangu?"

"Mama, mimi naona mdoli. Nikiandika kingine, mkubwa wangu ataniuliza nimeona nini."

Hilo Mama alilielewa. Hata yeye hakuwahi kuandika kwenye kadi ya mzazi jambo ambalo hakuliona.

"Basi utaona. Nenda kanawe mikono."

Afisa alicheka. Mama hakucheka. Afisa akaenda kunawa.

Mama akasukuma mihuri pembeni, akalilaza tumbo juu ya kaunta, akampachika mtoto ndani. Kondo akaliweka kando ndani ya kifuko chake. "Kondo hilo, zamu yake itafika," akamwambia afisa aliporudi. Macho hayana pazia: foleni nzima ikasogea.

"Mimi ndiye mzazi, wewe ndiye mkunga," Mama akasema, mkono wake ukimsukuma mtoto kwa nyuma. "Haya, mnanisaidia au mnanitazama?"

"Sukuma!" foleni ikaitikia. "Sukuma, mama!"

Kichwa kikachungulia. Afisa akakidaka.

"Usivute! Huyo si gunia. Pitisha kidole shingoni, unagusa nini?"

"Ka... kamba!"

"Kitovu hicho! Kipitishe juu ya kichwa. Taratibu, baba, taratibu."

Jasho lilimtiririka kijana wa watu, miwani ikamteleza mpaka ncha ya pua. Mlinzi alikuwa ameutelekeza mlango, amekunja ngumi: "Hapo hapo, kaka! Usimwachie!" Bega moja likatoka, la pili likafuata, na mtoto mzima akateleza mikononi mwa serikali. Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.

"Nimezalisha," afisa akasema, kamkumbatia mtoto. "Jamani, nimezalisha!"

Mkubwa wake alikuwa amesimama nyuma yake tangu kichwa kilipochungulia. "Sasa andika ulichoona," akamwambia, naye akijifuta jasho.

Vifaa vya mafunzo! Mama alilipa ushuru ule kwa furaha kama anayetunza maharusi. Akapeana mikono na foleni nzima, akafunga sanduku, akajitwika, akatoka akicheka peke yake.

Hajafika getini, akasikia viatu vinamkimbilia.

"Mama! Mama Sukuma, subiri!" Alikuwa afisa, anahema, kanyanyua kifuko juu watu wote wakione. "Kondo! Kondo bado!"

Mama akasimama kama aliyemwagiwa maji. Mtoto katoka, watu wamecheka, na aliyesahau ni yeye, yeye mwenye wimbo! Akalitua sanduku chini, akakipokea kifuko kwa mikono miwili.

"Darasa ni Jumatatu asubuhi," akasema. "Wewe utakaa mbele."