Mwandishi wa Gerezani Anatafuta Chumba

Juzi niliingia duka la steshenari pale Uyole, nikamkuta mama mmoja analia. Alikuwa ameleta tangazo litolewe kopi ishirini, na wakati akisubiri alichukua kijitabu kilichokuwa kinauzwa pale kaunta, cha visa vilivyoandikwa na wafungwa. Alisoma kisa cha mtu aliyefiwa na mama yake akiwa gerezani, akajifuta machozi kwa pindo la kanga.

"Jamani, huyu kaka ana moyo! Mtu kama huyu wanamfungia nini?"

"Ametoka mwezi uliopita," dada mwenye duka akamwambia. "Sasa ni fundi seremala. Ila anatafuta chumba, na kila anakokwenda wanamkatalia."

Kanga ikashuka taratibu. "Alifungwa kwa kosa gani?"

"Wizi, mama. Na kifungo amekimaliza."

Mama akakisukuma kijitabu mbali kwa kidole kimoja.

"Kwani hili tangazo lako si la chumba?" dada akauliza. "Hapa umeandika Iyunga, maji na umeme ndani."

"Kimeshapata mtu," akasema mama, akakusanya kopi zake zote ishirini, akaenda kuzibandika.

Nilicheka sana. Nikamwambia yule dada kwamba sisi tunampenda mfungwa akiwa amebanwa vizuri katikati ya majalada mawili. Akanitazama.

"Na wewe kaka, kile chumba chako cha uani bado kiko wazi?"

Nikamjibu kwamba lazima kwanza nizungumze na mke wangu.

Sijaoa.