Kichanja cha Usipa Mlimani

Mimi siwezi kupita kitu kilichotupwa bila kujiuliza kingeweza kuwa nini. Mume wangu anasema ni ugonjwa. Safari moja nikitoka Songea niliona tairi chakavu limeegemezwa nyuma ya banda la chipsi pale Kitai, nikashuka kuliulizia. Nikapewa bure. Nilipogeuka kwa furaha, basi lilikuwa limeshaondoka na mfuko wangu wa sabuni. Nikalisukuma tairi langu hadi barabarani, nikalikalia kungoja basi jingine, na watu wa Kitai wakapata cha kuzungumza.

Tairi hilo sasa ni chungu cha maua mbele ya nyumba yetu, kwenye mteremko nje kidogo ya mji wa Mbinga. Nililikata kwa kisu nilichokuwa nakichovya kwenye maji ya sabuni, kisha nikaligeuza ndani kuwa nje, kazi ya kutoa jasho hata katika baridi ya Juni. Ukiingia kwetu utakuta pia pazia la vizibo vya soda, madumu ya mafuta ya kula yaliyoota vitunguu, na magunia ya mboga. Gunia nalijaza udongo na samadi, katikati napitisha kokoto ili maji yafike chini, halafu natoboa ubavuni na kupanda miche. Majirani wananitania kwamba mtu akisimama kwangu muda mrefu ataoteshwa mchicha.

Basi mama mkwe alipoletwa kutoka Lipingo, kijiji cha ziwani, kuja kukaa nasi, nilidhani hapo napo ni suala la kutengeneza tu. Ziwa lilikuwa limepanda, likachukua jiko lake, kisha likaanza kula msingi wa nyumba. Ukuta wa upande wa maji ulikuwa na ufa wa kuingiza mkono. Mume wangu alimfuata, akaja naye akiwa na sanduku moja, mkeka, na wavu wa zamani uliofungwa kitita. Nilimwamkia shikamoo mlangoni, akaitikia marahaba, akasema amekuja kutusalimu. Halafu akauliza gari la kushuka ziwani huondoka saa ngapi.

Swali hilo ndilo lililoninyima raha. Aliliuliza tena wiki ile, na wiki iliyofuata. Sote tulijua anataka kurudi kulala peke yake chini ya ule ukuta. Mume wangu alimbembeleza mpaka akachoka, na kazi yake iko Songea, hurudi Jumamosi tu. Aliyebaki na mama ni mimi, nikiwa na hofu. Na mimi nikiwa na hofu hushika nyundo.

Nilimtengenezea kiti cha kuegemea kwa mbao za makreti. Nikamsukia zulia la vitambaa vya mashati mabovu ili miguu isipate baridi. Nikampa gunia lake mwenyewe la mchicha. Kila kimoja alikishukuru kwa adabu, akakaa kwenye kiti, akaweka miguu kwenye zulia, akatazama bonde. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nampa matakia.

Kitu kimoja tu kilimnyanyua kitini, nacho ni kichanja chetu cha kahawa. Ni meza ndefu ya miti, juu yake wavu wa waya, ambako tunatandaza kahawa iliyokwisha menywa na kuoshwa ili ianikwe na kugeuzwa hadi ikauke. Alikizunguka, akabonyeza waya kwa kidole.

"Kwetu hiki ni cha usipa," akasema.

Usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa, na nilikuwa nawala tangu utotoni bila kujua wanakaukia wapi. Nikamuuliza kwa nini wasianikwe mchangani. Akasema wa mchangani wanatafunika na mchanga, atakula nani? Nikauliza kila mtu ana kichanja chake? Akanishangaa. Kichanja anakijenga aliye na miti na wavu chakavu wa kutandika juu, akasema, ila ukikikuta kitupu na una samaki mkononi, unaanika. Kama kina samaki wa mwenzako kidogo, unawasogeza vizuri upande mmoja, unatandaza wako. Hakuna wa kukuuliza, na kesho atafanya hivyo kwako. Tulizungumza kwa Kiswahili, maana Kimatengo changu hakijui na Kinyasa chake nakipata nusunusu, na yalikuwa mazungumzo yetu marefu kuliko yote tangu aje. Nilifurahi sana. Sikuona kilichokuwa ndani yake.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka sokoni, nikamkuta amesimama kando ya kichanja anatabasamu. Sikuwa nimewahi kuona meno yake. Mdogo wake alikuwa amemtumia ndoo ya usipa wabichi kwa basi dogo la asubuhi. Mama akawaosha, akasogeza kahawa yetu upande mmoja, kwa uangalifu, hata punje moja haikudondoka, na upande wa pili akatandaza usipa. Waling'aa mpaka mwisho wa waya.

"Nimepata nafasi," akasema.

Niliinama nikachota kahawa, nikainusa. Sikukusudia anione, lakini aliniona. Huku kwetu mtoto anajua hata kabla ya kwenda shule kwamba kahawa huvuta harufu. Huiweki karibu na mafuta ya taa, huiweki karibu na vitunguu, na kule tunakoiuza mnunuzi huinusa kabla ya kuiweka kwenye mizani. Ziwani hakuna aliyewahi kuwa na sababu ya kulijua hilo.

"Imeshika harufu?" akauliza.

Nilitamani kudanganya, nikashindwa. "Imeshika, Mama. Lakini ni hii kidogo tu. Tutakunywa wenyewe."

Aliwaokota usipa wake mmoja mmoja, ingawa angeweza kuwakumba kwa ungo. Usiku ule alikula kidogo, na asubuhi nilikuta sanduku lake mlangoni, na yeye kwenye kiti cha makreti, kanga imefungwa ya safari. Akasema mtu mzima hakai kwenye nyumba ya watu kuwaharibia mazao.

Niliogopa kuliko siku zote. Maneno ya kumbembeleza, mwanawe alishayamaliza, sikuona hata moja jipya. Macho yangu yakaangukia ule wavu juu ya sanduku, na nitasema kweli, swali lililonitoka halikuwa ujanja. Lilikuwa linanisumbua tangu siku ile tulipozungumzia vichanja.

"Mama, ziwani mnatumia wavu, siyo waya. Mbona haulegei katikati samaki wakiwa wengi?"

Akautazama wavu. "Unalegea, kama hujui kuuvuta."

"Unavutwaje?"

"Haiwezi kuelezwa hiyo."

"Basi nionyeshe. Nina miti iliyobaki tulipoezeka choo."

Akatazama barabara, akatazama miti, akaguna. Kisha akaomba kisu.

Kwanza alichonga sindano ya mwanzi, pana kama ulimi, akaizungushia uzi. Akaziba mipasuko ya wavu kwa kasi nisiyoweza kuifuata kwa macho, ikabidi nimwombe arudie fundo lile lile hadi akacheka. Mimi fundo langu lilikuwa likifunguka kila nikilivuta. Akanifundisha kupitisha kamba kwenye matundu ya ukingoni, kuizungusha kwenye mti, kisha kuvuta pembe kwa pembe, wala si upande kwa upande kama nilivyokuwa nikifanya kwa mapazia yangu miaka yote. Tulivuta, mimi huku, yeye kule, nikagundua ana nguvu kunishinda.

Halafu akaenda kutafuta mahali. Alizunguka uwanja wote, mbali na kahawa, akipima upepo kwa ncha ya kanga yake, akasimama mbele ya tairi langu la maua.

"Hapa."

Iliniuma, sifichi. Nikalivuta tairi langu hadi pembeni, na jua lilikuwa limeshapita utosini. Gari la kushuka lilishaondoka, na hakuna kati yetu aliyelitaja. Lakini sanduku lilikuwa bado mlangoni, na kesho kuna gari jingine. Kichanja si mnyororo, nilijiambia. Atanijengea kama zawadi ya kuaga, kisha ataondoka.

Nikachukua jembe, nikamuuliza nguzo zinaingia ardhini kiasi gani.

"Kwetu hatuchimbi sana," akasema. "Kiganja kimoja, na mawe pembeni. Ziwa likipanda unang'oa zako, unahama nazo."

Nikachimba kiganja kimoja, kama alivyosema. Nikasimamisha nguzo, nikaipangia mawe vizuri, nikarudi nyuma kuitazama. Mama akaja, akaishika kwa mkono mmoja, akaitikisa. Ikacheza. Akaing'oa, akailaza chini.

"Chimba."

Nikachimba kiganja kingine. Akatikisa kichwa. Nikachimba hadi kwenye udongo mwekundu, nikasimama kupumua.

"Mpaka wapi, Mama?"

Akanyoosha mkono mmoja chini, akagusa bega lake kwa mwingine. "Mpaka hapa. Ninyi Wamatengo mmetoboa milima yote hii kwa mashimo yenu ya ngoro mnayolimia mahindi, shimo moja linakushinda?"

Nguzo ya kufika begani hakuna anayeing'oa ahame nayo. Niliinama nikaendelea kuchimba, machozi yananidondoka ndani ya shimo, na nilikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza. Yeye akapiga magoti, akaingiza mkono wake wote, shavu likagusa ardhi.

"Hili limetosha," akasema. "Bado matatu."