Skrini Iliyopepesa Wakati wa Salamu

Siku yangu ya kwanza kazini niliwahi mno. Ofisi ilikuwa bado imefungwa, nikakaa kwenye ngazi nikilitazama ziwa. Milima ya Kongo haikuonekana asubuhi ile. Maji yalikwenda yakawa mbingu, na mashua zilizokuja kutoka huko zilikuwa kama zinashuka tu kutoka hewani. Nilisinzia nikiwa macho wazi. Aliyenizindua ni Fundi Mkuu, mzee mfupi wa Tabora aliyezoea kuimba chini chini.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye Zuhura wa Ujiji? Unaogopa kompyuta?"

"Siogopi."

"Basi utaogopa. Ingia ndani."

Ile ilikuwa miaka ya wakimbizi, wajukuu zangu. Mashua zilishusha watu kutoka Burundi, na kazi ya ofisi yetu ilikuwa kuwakutanisha waliopoteana njiani. Mimi nilianzia stoo ya vifaa mjini Kigoma, chini ya Fundi Mkuu, nikitengeneza redio za mawasiliano na inveta, yaani kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani. Baadaye nikahamishiwa Bangwe, kwenye hema la mapokezi ufukweni, chini ya Mkuu wa Kituo. Huyu alikuwa mama mrefu mwenye haraka zake. Hakuwa mtu mbaya, ila alitembea kama aliyeacha chungu jikoni.

Hema lilikuwa na laptopu moja na paneli ya sola, na masika jua lenyewe lilikuwa la kubahatisha. Tuliandika kwa kihariri, programu ya kuandikia na kusahihisha maneno, iliyotungwa na kijana mmoja wa kujitolea. Alikwisha rudi kwao, akatuachia msimbo wake kwenye disketi. Msimbo ndiyo maagizo ambayo mashine huyafuata. Shida yetu ilikuwa moja tu: betri ilikata roho kabla watu hawajaisha. Ambaye hakuandikwa alipandishwa lori la kambini hivyo hivyo, na aliyemtafuta baadaye alitafuta gizani.

Mkuu wa Kituo akapata mchawi wake. "Salamu zenu ndizo zinazokula betri," alituambia. "Jina, kijiji, uliyempoteza, basi. Anayefuata."

Loo, lilinichoma agizo lile. Sisi Waha na ndugu zetu Warundi hatumuulizi mtu habari za mtoto wake kabla ya kumsalimia akasalimika. Unapiga makofi taratibu, unainama, unauliza nyumbani, unauliza mvua, unauliza ng'ombe hata kama unajua wamebaki ng'ambo, kisha unarudia. Na kwao kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, si la baba wala la mama. Usipozungumza na mzazi akatulia, hakuna njia ya kujua nani ni wa nani.

Ndipo akaja Sabina. Alikuwa mama wa makamo, ameshika beseni jeupe kifuani, homa inamtetemesha. Nikamsalimia kwa mkato kama nilivyoagizwa, nikamuuliza amempoteza nani. Akalikumbatia beseni lake.

"Ni sawa," akasema.

"Huyu hana la kusema," alisema Mkuu wa Kituo.

"Analo, Mama. Hajasalimiwa."

"Zuhura, betri ikizimika na walio nyuma yake hawajaandikwa, utawaambia nini?"

Naye alikuwa na haki. Mwanamke aliyesafiri na Sabina ndiye aliyeninong'oneza kwamba binti yake alisukumwa kwenye mashua nyingine katika vurugu za kupanda, na tangu hapo hajaonekana. Jina la binti hakulijua. Kwa ajili ya ile homa, Sabina akaruhusiwa kupumzika hapo mpaka lori la kesho.

Mchana foleni ilikwenda kunywa uji. Nilibaki kwenye kiti, upepo wa ziwa unalibembeleza hema, usingizi unanivuta. Sabina alikaa kando yangu, beseni lake limepinduliwa magotini, na kwenye ule weupe nikaona mwanga wa skrini unapepesa. Unapepesa, unapepesa, kama maji ya kina kifupi. Nilikuwa naufurahia tu, kama mtoto, mpaka likaniingia akilini kwamba hakuna mtu anayegusa mashine. Sasa nani anaichora?

Jioni betri ilipokata roho, niliibeba laptopu hadi mjini. Fundi Mkuu akanisikiliza mpaka mwisho, akaacha kuimba.

"Skrini hujichora upya pale tu inapoambiwa," akasema. "Na kila ikichorwa, akili ya mashine inaamka na kula umeme. Mtafute anayeiamsha."

Tukafungua msimbo. Niliongeza tarakimu pembeni mwa skrini, ipande kila skrini ichorwapo. Tukaweka mikono mapajani, tukaitazama. Ilipanda mbio. Waliokuwa wakiiamsha ni taima, saa ndogo za ndani zinazofanya kazi kichinichini bila kuonekana. Moja ilikipepesa kijiti kinachoonyesha herufi itaingia wapi. Nikaizuia isiendelee pale ambapo hakuna anayeandika, lakini tarakimu ikazidi kupanda. Nikaona haya mbele ya mzee.

"Mwizi hatembei peke yake," akasema.

Ya pili ilionyesha saa kwenye kona ya skrini, na ya tatu ilichungulia kama kuna maandishi mapya ya kuhifadhi. Hata ilipokuta hakuna kitu, iliagiza skrini nzima ichorwe. Tukaziwekea zote swali moja kabla ya kuchora: kuna kilichobadilika? Kama hakuna, lala. Kama kipo, chora hicho tu. Tarakimu ikasimama. Machozi yalinitoka, sisemi uongo.

Kesho yake nilimsalimia Sabina salamu kamili. Tulipiga makofi, tukaulizana mvua, tukaulizana shamba, tukaulizana tena. Skrini ilitulia tuli. Mkuu wa Kituo alichungulia alama ya betri, akachungulia tena, kisha akavuta kigoda akaketi nasi, akapiga makofi yake ya kigeni yasiyokwenda sawa. Sabina akatabasamu kidogo.

"Anaitwa Nahimana," akasema. "Ana kovu juu ya nyusi."

Nikaandika.

Nilihamishwa mara nyingi baada ya hapo, kambini, mjini, kambini tena, mpaka nikastaafu nikajenga hapa Gungu. Vijana huniletea simu zinazoisha chaji, nawaambia watazame kwanza ni nini kinachofanya kazi humo bila kutumwa. Wananicheka, kisha wanakuta kweli. Siku hizi macho yangu hayana nguvu, na mchana nikijilaza mashine zote nilizowahi kuzishika zinachanganyika zikawa mwanga mmoja wa mbali. Majina mengi tuliyoandika hayakujibiwa, na hilo bado linaniuma.

Lakini la Nahimana lilijibiwa, kwa redio, kutoka kituo kingine cha ufukweni. Nilikuwapo kambini lori lilipomleta. Binti alishuka, kichwa kimenyolewa, amerefuka. Sabina hakukimbia. Alikwenda taratibu, akamshika kidevu, akapitisha kidole juu ya lile kovu, kisha akatugeukia sisi.

"Amekula?"

"Amekula, mama," nikamwambia.

Hapo ndipo alipokaa chini pale pale mavumbini.