Hotuba Niliyomwandikia Rafiki

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Ibanda, na udhaifu wangu ni kupenda sentensi nzuri. Rafiki yangu, tuliyekaa naye benchi moja shuleni, alipogombea ubunge alinijia nyumbani Nguba. "Prof, uniandikie discours ya kuunganisha batu," akasema. Nilivimba kichwa papo hapo.

Mke wangu anatoka Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga, na ana sura ambayo kila uchaguzi ukikaribia huitwa ya kigeni. Nilitaka watu waache kumwita hivyo. Kwa hiyo, pale hotuba inapotakiwa kugusa mioyo, niliweka siku mama yake alipofika kwetu mara ya kwanza. Mama yangu alimimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaionja kwanza kama desturi inavyotaka, ili mgeni ajue haina sumu, kisha akampa kibuyu kilekile. Mke wangu alisoma, akacheka, akasema mama yake aliomba aongezewe. Akaniruhusu niitumie.

Jumapili baada ya misa tuliketi mstari wa pili ukumbini, kwenye mkutano wa kampeni. Rafiki yangu alianza vizuri. Alipofika kwenye kibuyu, ukumbi ulitulia, na mke wangu akanishika mkono kwa furaha.

"Siye tulibaonjea," akasema polepole, nilivyomfundisha. "Tulibaonjea, tukabapatia." Hapo nilikuwa nimemwandikia anyamaze kidogo. Akanyamaza. Nikapiga makofi, wa kwanza ukumbini, na watu wote wakanifuata.

Akainua mkono. "Na bale? Nani kati yabo alishaka kutuonjea siye hata siku moja? Muangalie sura zabo, mutabajua!"

Ukumbi mzima ukasimama. Jirani yetu, maman anayetuazima chumvi kila juma, alipiga vigelegele bila kugeuka kututazama. Niliona aibu, halafu hasira, maana hata mapigo ya ile sentensi yalikuwa yangu.

Nilimkuta rafiki yangu nje akipongezwa. "Prof, usikasirike," akaninong'oneza, bado anatabasamu kwa wengine. "Ile ya kuunganisha haiinue batu ku viti. Ni politique tu." Alinipa mkono, na mimi mjinga nikaupokea.

Mke wangu alikuwa ametangulia nyumbani. Nilimkuta jikoni na viatu vyake vya misa, simu mkononi. Hotuba ilikuwa imepita redioni, na mama yake alikuwa ameisikia kule Luberizi.

"Mama anauliza," akasema, "kama ile pombe mulikuwa munamuhesabia."

Nilitaka kusema hapana. Lakini mimi ndiye niliyeiandika kwenye hotuba.