Betri Zilizonukia Sabuni

Saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa chuma wa kibanda cha betri unapandishwa kwa kelele. Mwanamke mwenye aproni ya bluu anasimama mbele ya kabati refu la kuchajia. Kila betri inayoletwa anaigusa kwanza kwa mgongo wa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa.

"Yenye joto hailali na wenzake," anasema.

Wateja humwita Mama Chaji. Wanakuja na skuta za umeme na vigari vidogo vya magurudumu matatu. Betri ikiisha hawangoji ijae. Wanamwachia, wanapewa nyingine, safari inaendelea. Ile waliyoacha, ikishajaa, inakwenda kwa mtu mwingine.

"Ni kama ndoo ya kisimani," anaeleza. "Leo yako, kesho ya jirani."

Kabla ya kazi hii alifua nguo za watu kwa miaka kumi na moja, mpaka sabuni ikamla vidole. Ndiyo maana alimpenda sana mteja mmoja msafi, fundi saa.

Fundi saa ni mzee ambaye miguu imemkatalia. Kwa kigari chake humpeleka mkewe kliniki, kisha huenda kwenye meza yake ya kazi. Betri za wengine zilirudi na tope. Zake zilirudi ziking'aa.

"Nilimsifu mbele ya watu," anasema Mama Chaji. "Nikawaambia wanawake, 'Mwigeni babu! Betri yake inanukia kuliko waume zenu.'"

Watu walicheka, mzee akainamisha kichwa kwa haya. Kesho yake akaleta nyingine, safi zaidi.

Mwezi uliopita, tundu moja la kabati lilianza kuchachatika kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa maji. Moshi mweupe ukatoka. Mama Chaji aliivuta betri kwa ndoano mpaka nje, na mshona viatu wa jirani akaja mbio na ndoo ya mchanga bila kuitwa. Moto ulizimika, ukamwachia kovu kwenye kifundo cha mkono. Chanzo hakuna aliyekijua.

Kesho yake fundi saa akafika. Mama Chaji alipoipokea betri na kuiinamisha, maji yalichuruzika chini ya mshikio. Angani hakukuwa na wingu hata moja.

"Babu, imenyeshewa wapi hii?"

"Haijanyeshewa. Nimeiogesha. Karai moja la sabuni, karai moja la kusuuzia."

"Ukaizamisha?"

"Sasa chombo utakioshaje bila kukizamisha? Mimi nimelelewa, mwanangu. Cha watu hakirudishwi kichafu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Si wewe ulisema zinapendeza?"

Mama Chaji alikaa chini, pale pale sakafuni. Hata leo anaposimulia anashika kifua. "Niliziona akilini skuta zote za mtaani. Nikasema, jamani, kumbe maji ndiyo yaliyowasha ile ya kabatini; watu wamekalia moto, na mimi ndiye niliyewapa."

Simu ya kazini huonyesha kila betri iko kwa nani. Saba zilizopitia kwa mzee zilikuwa barabarani. Alipiga, akaomba, akafoka: shuka, iache, kaa mbali nayo! Sita zilipatikana. Ya saba ilikuwa chini ya kiti cha skuta ya binti wa Mama Chaji mwenyewe, aliyebeba mtoto mgongoni. Simu ikaita, ikaita, ikakatika.

Fundi saa alikuwa bado pale kwenye kigari, kofia mkononi.

Hatimaye binti akatokea kwenye kona, anasukuma skuta, jasho linamtiririka. "Mama, umenipa betri gani hii? Imenizimikia mlimani, nimesukuma mpaka nimekoma!"

Mama akamkumbatia, akalia kwa sauti.

"Sasa wewe unalia nini?" binti akashangaa. "Si mimi ndiye niliyesukuma?"

Msimamizi wa vibanda vya betri alitaka kumfungia mzee huduma. Mama Chaji alikataa. "Nilimwambia, ukimfungia yeye nifungie na mimi. Yeye aliosha, mimi nikapiga makofi. Nani kati yetu alimwambia maji yanaiua betri?" Msimamizi akatoa mwezi mmoja wa kuwaangalia wote wawili. Unaisha wiki hii.

Tumaini lake ni kubaki kibandani, na kila mteja mpya aambiwe kwa mdomo kabla ya kukabidhiwa betri. Mlangoni ametundika kipande cha boksi alichokichora mwenyewe: karai lililokatwa kwa alama nyekundu ya X. Anataka picha hiyo ibandikwe kwenye kila betri.

Kigari kinasimama. Fundi saa anatazama kushoto na kulia, kisha anatoa betri iliyofunikwa kwa koti, kama mtu aliyeiba kuku. Imejaa vumbi mpaka kwenye mshikio.

"Nisamehe, mwanangu," ananong'ona. "Naona aibu kukupa kitu kama hiki."

Mama Chaji anaigusa kwa mgongo wa kiganja. Ni kavu, haina joto. Anainyanyua juu, foleni nzima iione.

"Babu," anasema kwa sauti, "leo umependeza kuliko siku zote."